Mtu wa Tatu

Usiku wa tarehe 7 Februari 2023 LeBron James alizipita pointi 38,387 za Kareem Abdul-Jabbar na kuwa mfungaji bora wa muda wote katika ligi ya NBA. Ubishi wa nani mkubwa kati yake na Michael Jordan, ambao hata hivyo haukuwa umezimika, ukapata kuni mpya. Wa Jordan husema: fainali sita, mataji sita. Wa James hujibu: fainali kumi, na nyingine alifika huku wenzake wakiwa wodini. Haichukui muda ubishi huo kufika pale unapoishia siku zote, kwenye neno "alibebwa". Jordan alibebwa na Pippen. James alibebwa na Wade na Bosh, halafu Irving na Love, halafu Davis. Bill Russell wa zamani zile ndiyo kabisa, alizungukwa na magwiji watupu. Wenzake nyota hutumika kama makato ya mshahara: chukua mataji, toa thamani ya waliomsaidia, kinachobaki ndicho ukubwa wake halisi. Kila nikiirudia misimu hiyo akilini, kuanzia ile ya mwanzo ya Jordan, naona hesabu hii inakosewa mahali pamoja. Tunampima wa kwanza, tunampima wa pili, kisha tunafunga daftari. Lakini mara nyingi matokeo yaligeuzwa na mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ninayemsema si lazima awe wa tatu kwa pointi au kwa mshahara. Ni yule ambaye kazi yake haihitaji mpira kuwa mikononi mwake: anadaka mipira inayogonga ringi na kurudi, anamkaba mtu mrefu wa upande wa pili, anasimama mahali pa kumfungulia mwenzake njia, na mpira ukimfikia anajua aupeleke wapi bila kufikiri mara mbili. Wapenzi wa muziki wa dansi watanielewa upesi. Gitaa la solo ndilo linalokumbukwa na kila mtu, lakini mpiga rithimu akinyamaza, solo hubaki kulialia hewani bila pa kukanyaga.

Jordan aliingia Chicago mwaka 1984, akiwa wa tatu kuchaguliwa kwenye drafti nyuma ya Hakeem Olajuwon na Sam Bowie. Tarehe 20 Aprili 1986, katika mechi za mtoano, alifunga pointi 63 nyumbani kwa Boston Celtics. Mechi ilikwenda muda wa ziada mara mbili, na Chicago wakafungwa 135 kwa 131. Msimu uliofuata alikuwa na wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, kiwango ambacho hajawahi kukifikia tena, na timu yake ikashinda mechi 40 na kupoteza 42. Misimu yake mitatu ya kwanza kwa pamoja ilimpa ushindi mmoja katika mechi kumi za mtoano. Namba hizi hutajwa sana na wanaotaka kumpunguza Jordan, na mimi nazitaja kwa sababu nyingine. Zinaonyesha kwamba nyota anaweza kufika kilele cha uwezo wake na matokeo yasisogee. Aliyefunga 63 kwenye uwanja wa Boston hakuwa mchanga anayesubiri kukomaa. Kilichokosekana hakikuwa ndani yake.

Mwaka 1987 walifika wawili kwa pamoja: Scottie Pippen, aliyechaguliwa wa tano na Seattle kisha akabadilishwa siku hiyohiyo, na Horace Grant, wa kumi. Historia imemkumbuka wa kwanza. Detroit waliwatoa Chicago miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na katika miaka hiyo vijana wale wawili walikomaa, mwishoni chini ya kocha Phil Jackson na mpango wa pembetatu wa mzee Tex Winter, mpango ambao kila mmoja ndani yake hugusa mpira na kila mmoja lazima ajue mwenzake yuko wapi. Mwaka 1991 Detroit wakafagiliwa nne bila, Lakers wakafungwa kwenye fainali, na mataji matatu yakafuatana. Taji la tatu lilipatikana Phoenix tarehe 20 Juni 1993. Katika robo ya mwisho Jordan ndiye peke yake aliyekuwa ameifungia Chicago. Sekunde zikiyoyoma, timu ikiwa nyuma kwa pointi mbili, mpira ulifika kwa Grant akiwa karibu na ringi, katika usiku ambao yeye mwenyewe hakufunga karibu chochote. Hakutupa. Akautoa nje kwa John Paxson, na Paxson akafunga pointi tatu: 99 kwa 98. Phoenix wakaja na shambulizi la mwisho kupitia Kevin Johnson, na mkono uliolizuia ulikuwa wa Grant. Picha ya mechi ile ni ya Paxson akinyanyua mikono. Mimi namtazama aliyempa.

Oktoba ya mwaka huohuo Jordan akastaafu, na hapa ndipo ushahidi unapokuwa mtamu. Chicago bila yeye walishinda mechi 55, mbili tu pungufu ya msimu uliopita, wakatolewa na New York kwenye mechi ya saba. Wasiompenda Jordan huitumia namba hii kama nyundo. Lakini husahau kuitazama namba inayofuata. Msimu wa 1994/95, Pippen akiwa palepale na Jackson akiwa palepale, Chicago walikuwa na ushindi 34 na vipigo 31 kabla Jordan hajarudi Machi. Timu ya 55 ilikuwa imeshuka ikawa timu ya katikati ya msimamo. Ni nini kilichobadilika kati ya misimu hiyo miwili ambayo yote haikuwa na Jordan? Walipungua watu wa ndani kadhaa, lakini mzito wao alikuwa Grant, ambaye mkataba wake uliisha akahamia Orlando. Kwa hiyo namba 55, ambayo tumeizoea kama kipimo cha Pippen, kwa kiasi kikubwa ilikuwa kipimo cha Pippen akiwa na Grant, aliyekuwa na wastani wa pointi 15 na ribaundi 11 msimu ule na kuitwa kwenye mechi ya nyota wote.

Kisha Mei 1995 timu hizo mbili zikakutana. Jordan amerudi, Grant yuko upande wa pili pamoja na Shaquille O'Neal. Chicago walichagua kumzonga O'Neal na kumwachia Grant nafasi, wakiamini hatawaumiza. Aliwaumiza. Orlando walishinda mechi nne kwa mbili, na wenzake wakambeba Grant mabegani kutoka kwenye uwanja wa Chicago. Mtu atasema Jordan alikuwa bado na kutu ya mwaka mzima wa besiboli, na hilo ni kweli. Nisingependa kudai kwamba Grant alikuwa na uzito kuliko yeye. Nasema tu kwamba kutu ya Jordan haielezi nani angeidaka mipira chini ya ringi la Chicago, kwa sababu hiyo haikuwahi kuwa kazi ya Jordan. Uongozi wa timu uliona hivyohivyo. Oktoba 1995 ulimchukua Dennis Rodman kutoka San Antonio kwa kumtoa Will Perdue. Rodman alifunga wastani wa pointi 5.5, akadaka ribaundi 14.9, na Chicago wakashinda mechi 72 na kupoteza 10. Walipokutana tena na Orlando mwaka 1996, Grant aliumia kiwiko katika mechi ya kwanza na hakurudi. Orlando walifagiliwa nne bila. Mfululizo wa 1995 na ule wa 1996 ulikuwa na nyota walewale pande zote mbili. Waliobadilika zaidi ni watu wa tatu.

Hapa najua nitaulizwa: mbona mataji yote sita yana Jordan ndani yake, na hakuna hata moja lisilo naye? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kumpa mtu wa tatu uzito wake hakumpokonyi wa kwanza chochote. Nyota ndiye sharti la kwanza; bila yeye Chicago ya 1994 ilikuwa timu nzuri iliyoishia raundi ya pili. Ila sharti la kwanza halitoshi, na kwenye kulinganisha enzi tunajifanya linatosha. Tena kuna jambo la kushangaza ndani ya msimu ule wa 1993/94: Chicago walitoa wachezaji watatu kwenye mechi ya nyota wote, yaani Pippen, Grant na B.J. Armstrong, wakati mwaka uliotangulia, na Jordan yupo, walitoa wawili tu. Je, Grant na Armstrong waligeuka kuwa bora ghafla? Hapana. Mpira ulipopungua mkono mmoja, mikono mingine ikaonekana. Ndiyo maana kuhesabu nyota waliomzunguka mtu ni kipimo kibovu: yeye mwenyewe ndiye anayewafunika.

Kipimo hicho kinaanguka vibaya zaidi tukirudi enzi za Russell. Boston walitwaa mataji 11 katika misimu 13, kuanzia 1957 hadi 1969, na tangu hapo imekuwa desturi kusema Wilt Chamberlain angekuwa na wenzake wa Russell, mataji hayo yangekuwa yake. Chamberlain ndiye aliyefunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, msimu ambao wastani wake ulikuwa 50.4, na bado tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilikwenda kwa Russell. Mwaka 1969 Chamberlain alipata kile alichodaiwa kukikosa. Lakers walimweka pamoja na Jerry West na Elgin Baylor, majina matatu ambayo kwenye karatasi hakuna timu iliyoweza kuyagusa. Boston walikuwa wamezeeka, wa nne katika kanda yao. Fainali ilikwenda hadi mechi ya saba, Boston wakashinda 108 kwa 106. Katika dakika za mwisho mpira wa Don Nelson uligonga ringi, ukaruka juu, ukaanguka ndani ya kikapu. Watu huiita bahati. Iwe bahati, lakini Nelson alikuwa amewahi kuachwa na Lakers haohao miaka minne kabla, na Boston walimwokota kwa sababu walikuwa na macho ya kuona watu wa aina yake. Lakers walikuwa na wa kwanza watatu, na nafasi ya tatu ikabaki wazi.

Takwimu nazo zina lawama katika upofu wetu. Mipira iliyozuiwa na mipira iliyoporwa haikuhesabiwa rasmi hadi msimu wa 1973/74, kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote ya Russell haimo kwenye vitabu. Jedwali la kuonyesha timu inafanya nini mchezaji fulani akiwa uwanjani na akiwa benchi linapatikana kwa ukamilifu tangu 1996/97 tu. Kabla ya hapo tumebaki hasa na pointi. Na anayepima kwa pointi atamwona Grant wa usiku ule wa Phoenix kama mtu ambaye hakuwepo.

Sasa James. Mfano unaopendwa na watetezi wake ni Cleveland: mechi 61 za ushindi msimu wa 2009/10, kisha akaondoka, na msimu uliofuata 19 tu, pamoja na vipigo 26 mfululizo. Weka 19 kando ya 55 ya Chicago, wanasema, na umepata jibu la nani alikuwa na wasaidizi. Hapana. Kocha alifukuzwa, Ilgauskas alimfuata James Miami, O'Neal alihamia Boston, Varejão akaumia. Hata bila hayo, Cleveland ilikuwa imejengwa kwa watu waliochaguliwa kusimama pembeni wakimsubiri mtu mmoja awatengenezee. Ukimtoa, wanasubiri hewa. Chicago ilijengwa kwa mpango ambao kila mtu alikuwa ameufundishwa kwa miaka. Kinachopimwa na namba zile mbili ni namna timu ilivyojengwa, na James mwenyewe alikuwa sehemu ya ujenzi huo kwa kushika mpira karibu muda wote.

Miami walielewa, ingawa baada ya kuchapwa na Dallas mwaka 2011. Chris Bosh alitoka Toronto na wastani wa pointi 24. Kufikia msimu wa 2012/13 alikuwa amekubali 16.6, kazi yake ikiwa kukaba warefu na kuvuta walinzi mbali na ringi. Tarehe 18 Juni 2013, miaka ishirini kasoro siku mbili baada ya usiku wa Phoenix, Miami walikuwa nyuma kwa pointi tatu dhidi ya San Antonio na taji lilikuwa linakwenda. James alitupa akakosa. Bosh akaudaka, hakufikiri kutupa, akampa Ray Allen kwenye kona: 95 kwa 95. Muda wa ziada ulipoisha, mtupo wa mwisho wa San Antonio ulikuwa wa Danny Green, na mkono uliouzuia ulikuwa wa Bosh. Katika mechi ya saba Bosh hakufunga hata pointi moja, na Miami wakawa mabingwa. Sijui mfano wa pili unaolingana hivi na wa Grant: pasi ya kuokoa, kuzuia kwa mwisho, na karatasi ya matokeo inayokaribia kumwita mzigo. Mwaka 2016, Cleveland ilipowafunga Golden State wa ushindi 73 baada ya kuwa nyuma tatu kwa moja, tunakumbuka James alivyouzuia mpira wa Iguodala na Irving alivyofunga pointi tatu. Kati ya hapo na kengele ya mwisho Kevin Love, aliyekuwa na ribaundi 14 na ambaye msimu mzima alisemwa hawezi kukaba, alimfuata Stephen Curry kila hatua hadi akatupa vibaya.

Anayetaka kunipinga ataleta Houston ya 1994, na ndiyo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Olajuwon, kijana wa Lagos, alitwaa taji lile bila mwenzake hata mmoja aliyeitwa kwenye mechi ya nyota wote mwaka huo. Hakuwa na wa pili. Lakini litazame jeshi lake: Otis Thorpe, Robert Horry, Vernon Maxwell, Kenny Smith, Mario Elie, Sam Cassell aliyekuwa mwaka wake wa kwanza. Wote ni watu wa tatu, kila mmoja akijua kona yake. Timu inaweza kushinda bila wa pili ikiwa wa kwanza ni wa aina ya Olajuwon, anayefunga na kukaba kwa kiwango kilekile. Timu ya nyota watatu wasiogawana kazi, tumeiona 1969.

Wala mtu wa tatu si bidhaa ya kununuliwa kwa kilo. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alidaka ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya James mwaka 2016, Toronto ikaipa Cleveland kipigo chake cha kwanza katika mechi za mtoano mwaka ule. Kiangazi hicho Orlando walimpa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Walinunua ribaundi 26, wakasahau kwamba Toronto alikuwa na Kyle Lowry na DeMar DeRozan mbele yake. Miaka miwili baadaye wakamhamisha. Na Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na timu ambayo tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Tumezoea kuuliza alikosea nini. Ni nadra kuuliza alipelekwa wapi.

Linabaki suala la uaminifu, ambalo wazee wa ubishi huu hulipenda: kwamba Jordan alisubiri wenzake wakomae wakati James aliwafuata waliokwisha kuiva. Enzi za Russell mchezaji alikuwa mali ya timu hadi itakapomwachia, na ligi aliyoikuta ilikuwa na timu nane, kwa hiyo vipaji vilirundikana na kubaki. Uhuru kamili wa mchezaji aliyemaliza mkataba ulikuja mwaka 1988. Pippen alitia saini mwaka 1991 mkataba mrefu na mdogo, na kufikia 1997/98 alikuwa akilipwa chini ya dola milioni 3 wakati Jordan alilipwa zaidi ya milioni 33. Aliyeutumia ule uhuru mpya pale Chicago ni Grant, na tumeona gharama yake. Mwaka 2010 James, Wade na Bosh waliutumia kwa pamoja, wakakubali kupungukiwa kidogo ili watosheane. Chicago walimlea mtu wa tatu kisha wakampoteza. Miami walimpata kwa kumshusha nyota daraja. Tabia za watu hazikubadilika sana. Sheria zilibadilika.

Filamu ya mfululizo kuhusu msimu wa mwisho wa Jordan na Chicago ilipotoka mwaka 2020, Pippen alilalamika kwamba wenzake wamefanywa mapambo, akaandika na kitabu. Grant naye alilalamika hadharani. Malalamiko ya Pippen yalijadiliwa kwa miezi. Ya Grant yalipita kama mvua ya rasharasha.

Mwaka 2001 Philadelphia walifika fainali wakiwa na Allen Iverson, mchezaji bora wa msimu, na Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mlinzi bora wa msimu, aliyeletwa Februari ili awepo mtu wa kusimama mbele ya O'Neal. Iverson alifunga 48 katika mechi ya kwanza na kuwapa Lakers kipigo chao pekee katika mechi za mtoano mwaka ule. Kisha Lakers walishinda nne mfululizo. Kocha wao alikuwa Phil Jackson. Alikuwa na O'Neal na Kobe Bryant, wawili ambao msimu ule hawakuelewana, na kabla ligi haijaanza timu ilikuwa imetafuta mtu wa kusimama kando ya O'Neal, kudaka na kukaba. Walimtoa Seattle. Alikuwa na umri wa miaka 35, na jina lake Horace Grant.